Daftari la Penseli

Mwaka ule nilikaa dawati la nne,
benki ya ghorofa saba, Reykjavik,
kiti cha ngozi, kahawa ya bure,
kalamu iliyochorwa jina langu: Steinvör.
Tulikopesha kwa yeni.
Naam, yeni, fedha ya watu wa mbali
wasiojua hata kama tupo,
maana riba yake, tulisema, ni nyepesi kama unyoya.
Hatukusema kwamba unyoya hupeperuka,
na siku ya kurudi
huweza kurudi jabali.

Hallgrim aliingia kofia mkononi,
udongo chini ya kucha.
Alitaka vioo vya kufunikia
mistari miwili ya nyanya.
Nikamuuzia ishirini.
"Sahihi hapa. Na hapa. Na hapa pia."
Akaandika taratibu, herufi kubwa,
kama mtoto anayeogopa kutoka nje ya mstari.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sisi madaftari tulikuwa nayo, rafu kwa rafu,
majalada ya buluu, mihuri ya dhahabu;
mali ikapotea vilevile,
na habari tukazisikia redioni
kama watu wengine.

Baridi hiyo watu walipiga sufuria mbele ya bunge.
Mama yangu alikwenda na ile ya kuchemshia viazi;
ilirudi na bonde ubavuni,
hadi leo haitulii jikoni.
Hakunitazama usoni wiki nzima.
Mimi nilitoka benki na boksi moja:
kikombe, picha, na ua lililokauka.

Deni la Hallgrim lilivimba mara mbili na nusu.
Upepo ukamvunjia vioo,
mistari kumi na minane ikabaki giza na theluji.
Nilikwenda kumwomba radhi.
Kilomita sitini ndani ya basi
nikiyapanga maneno, nikiyapangua.
Alifungua mlango. Akanisikiliza hadi mwisho.
Akanipa glavu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama,
mgongo uliozoea ngozi ukalia kama bawaba.
Mshahara wa kwanza: kilo sita za nyanya
na senti za nauli.
Chini ya miguu yetu ardhi ilikuwa inachemka,
maji yanapanda yenyewe kwenye bomba,
yanapasha udongo, yanapasha vidole,
hayatumi ankara Tokyo.
Miaka yote hiyo tulikuwa tumekalia jiko
tukienda kuazima moto.

Mahakama ilipolikata deni
akanikabidhi daftari la shule, kurasa arobaini.
"Andika kwa penseli," alisema.
"Nataka kosa liweze kufutika."

Mstari wa tatu ulichukua miaka miwili.
Wa nne, mmoja na nusu.
Tukamwajiri Ljótunn, seremala asiye na kazi,
kisha mpwa wake.

Jana amekuja kijana wa benki mpya,
viatu vyeupe, grafu inayopanda kama ngazi.
"Mara kumi! Soko lipo, fedha ipo,
riba yenyewe nyepesi kama..."
Nilikimaliza kimoyomoyo kabla hajakitamka.
Sauti ile niliifahamu:
ni yangu, imevaa koti la mtu mwingine.

Hallgrim hakubishana. Alimpeleka kisimani,
akatumbukiza kipimajoto.
"Tisini na tatu. Mwaka jana, tisini na tatu.
Jirani alivuta kwa pampu nne;
sasa chake kinafaa kuoshea miguu.
Muulize huyu kisima,
akisema kumi, nitaweka sahihi."

Kijana alikula nyanya moja, akaondoka.
Nadhani ilimpendeza. Alichukua ya pili.

Usiku taa zetu zilipaka theluji rangi ya waridi.
Nilichonga penseli,
nikaandika: mstari wa tano, Machi, tukijaliwa.
Halafu nikakumbuka bei ya vioo,
nikafuta Machi,
nikaandika Mei.